Yaishe

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo siku hizi naliogopa. Si tusi. Ni neno la amani kabisa, neno la wazee, na hutamkwa kwa sauti ya chini huku mkono umeshanyooshwa. Neno lenyewe ni "yaishe".

Mwaka juzi, Jumapili moja baada ya ibada, mimi na kaka yangu tuliambiwa tuliseme neno hilo. Tulikuwa sebuleni kwa Mama, hapa Tunduma, mtaa wa Sogea. Tulikuwa watu saba: baba wakubwa wawili, baba mdogo mmoja, mjomba, Mama, kaka na mimi. Tulipoanza nilitazama saa ya ukutani: saa nane kasoro robo. Tulipopeana mikono ilikuwa saa tisa na nusu. Ugomvi wa miaka minne uliisha kwa dakika 105. Basi bwana, ugali ukaletwa, tukala sahani moja, baba mkubwa akamshukuru Mungu, watu wakatawanyika.

Swali langu ni hili: je, jambo huisha kwa sababu watu wamesema liishe? Na kama haliishi, hao waliotuambia tuseme hivyo walitutendea wema au walitudhulumu? Nimelizungusha swali hili kichwani kwa muda mrefu, na mwanga kidogo nimeupata mahali ambapo sikuutegemea, ndani ya tanuri la kuyeyushia vioo. Najua kuna msomaji ameshanyanyua mdomo aniambie haraka haraka haina baraka. Asubiri. Siandiki kurasa zote hizi ili nirudie methali ambayo kila mtu anayo.

Nianze na ugomvi wenyewe, maana bila huo haya yangu yatakuwa falsafa ya kijiweni tu.

Baba alituachia ekari tatu za kahawa huko Mbozi. Wosia hakuandika. Kaka ndiye mkubwa, kwa hiyo karatasi zilikaa kwake. Akauza ekari mbili bila kuniambia, hela akaziingiza kwenye biashara ya mahindi ya kuvusha Nakonde, na biashara ikazama. Nilipouliza nikapewa jibu ambalo wasichana wengi wa huku kwetu wanalijua: "Wewe si utaolewa? Shamba la nini?" Hapo na mimi nikatoa langu. Nilimwambia, mbele ya mke wake na watoto wake wawili, kwamba yeye si damu ya Baba, kwamba aliokotwa. Ulikuwa uongo mtupu. Nililitafuta neno litakalomchoma na nikalipata. Kwa hiyo msidhani anayeandika hapa ni malaika.

Sasa sikilizeni. Siku ile sebuleni hakuna aliyezitaja ekari. Hakuna aliyesema kwamba Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi na kuimiliki. Lakini pia hakuna aliyelitaja lile neno langu. Baba mkubwa alisema ya nyuma tuyaache nyuma, na sisi wawili tukafurahi, kila mmoja kwa sababu yake. Yeye alikuwa amepona shamba. Mimi nilikuwa nimepona ulimi wangu.

Habari ya kioo iliniingia Arusha. Kuna karakana pale inaitwa Shanga, ilianza mwaka 2007, na wengi wanaofanya kazi humo ni watu wenye ulemavu. Wanachukua chupa zilizotupwa, wanaziyeyusha, wanatoa shanga, bilauri, na vitu vya kupamba nyumba. Nilisimama mbele ya tanuri lao mpaka uso ukawa unawaka. Baadaye nikajua kwamba Kenya nako, Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, familia ya Nani Croze imefanya kazi ya vioo kwa miongo mingi. Na tusije tukadhani ni mambo ya kuletewa. Karibu miaka 1000 iliyopita, watu wa bonde la mto Limpopo walichukua shanga ndogo za kioo zilizokuja kwa biashara ya Bahari ya Hindi, wakaziyeyusha ndani ya kalibu za udongo, wakapata shanga kubwa za kwao wenyewe. Kumbe kuunganisha vipande vya kioo kwa moto ni kazi ya babu zetu wa mbali.

Niliporudi Tunduma niliona malighafi iko barabarani. Nani asiyeijua foleni ya malori ya mpakani? Kila wiki kuna kioo kimevunjika mahali. Kioo cha mbele cha gari hakifai sana, kwa sababu katikati kina utando wa plastiki, lakini chupa zipo, na kwa mafundi wa milango ya aluminiamu kuna mabaki ya vioo vya madirisha ambayo hutupwa bure. Fundi mmoja wa kuchomelea wa Majengo, mshikaji wangu wa tangu shule ya msingi, akanitengenezea tanuri: sanduku la chuma, ndani matofali yanayohimili moto, koili za umeme ukutani, na kipimajoto cha waya. Watu wakaja kuchungulia. Wengine walidhani tunafungua mradi wa mikate.

Kazi yangu ya kwanza kubwa nilitaka iwe zawadi ya Mama, ya kukumbuka ile Jumapili. Ilikuwa kazi ya tabaka. Chini niliweka kioo cheupe cha dirisha, cha milimita nne. Juu yake nikapanga chenga za chupa nilizozitwanga na kuzipitisha kwenye chujio la chai: za kijani kwa ajili ya mibuni na vilima vya Mbozi, za kahawia kwa ajili ya barabara. Halafu nikafunika na kioo kingine cheupe. Uzuri wa kazi ya tabaka ni kwamba kilichoko chini hakifichwi na kilicho juu. Unakiona kikiwa mbali kidogo, kama kitu kilichozama kwenye maji safi. Rafu ya tanuri niliipaka uji wa kaolini, ule udongo mweupe unaochimbwa Pugu na kwingineko, ili kioo kisishikamane nayo.

Nikapandisha moto taratibu. Ukipita nyuzi 700 za Selsiasi, kingo za kioo zinaanza kuwa mviringo. Nilipofika 820 nikachungulia kwenye tundu la mlango. Kila kitu kilikuwa rangi ya chungwa, na vile vioo viwili na chenga zake havikuwa tena vitu vingi. Vilikuwa kitu kimoja kinachong'aa. Dakika kumi na tano, basi. Nikazima umeme, na asubuhi, kwa pupa yangu, nikafungua mlango kukiwa bado na moto wa kuunguza vidole. Kilikuwa kizuri jamani! Hakina ufa wala alama. Nikakivingirisha kwenye khanga nikampelekea Mama, akakiweka juu ya kabati, karibu na picha ya Baba.

Siku ya kumi na moja, usiku, Mama alisikia "tak!" Alidhani ni paka. Asubuhi akakikuta kimepasuka vipande vitatu, na hakuna mtu aliyekigusa.

Suluhu yetu nayo haikumaliza miezi miwili. Sisemi vilipasuka siku moja, maisha hayapangwi hivyo. Chanzo kilikuwa pikipiki. Niliazima pikipiki ya kaka, nikaichelewesha nusu siku, akanipigia simu, na kabla dakika haijaisha tulikuwa tumeshafika kwenye ekari mbili na kwenye "uliniita wa kuokotwa". Safari hii tulipiga kelele mpaka Mama akaanguka kitini. Presha. Ikabidi tumkimbize hospitali, mimi mkono wa kulia, kaka wa kushoto, hatusemezani.

Ndipo nilipokaa chini kujifunza kilichokiua kioo changu.

Kioo hakigandi kama maji, kwa mara moja. Kadiri kinavyopoa kinazidi kuwa kizito, kutoka asali kwenda lami, kutoka lami kwenda jiwe. Ukikipoza upesi, ngozi ya nje inakuwa jiwe wakati tumbo bado ni lami. Tumbo nalo linapopoa linataka kusinyaa, lakini nje imeshakaza na hailipi nafasi. Mvutano unabaki humo humo. Kioo kinakuwa baridi kabisa, kinapendeza, unakipa watu, na ndani kinavutana. Kisha siku moja baridi ya usiku, au mlango uliofungwa kwa nguvu, kinamaliza kazi. Dawa yake ni kukipoza kwa hesabu. Kioo cha dirisha ukikishusha hadi kwenye nyuzi 550 hivi unakisimamisha hapo, unakiacha saa moja, saa mbili, joto la nje na la ndani lilingane na ule mvutano ulegee. Halafu unakishusha polepole sana, na mlango haufunguliwi mpaka uweze kukishika kwa mkono mtupu. Na unene ukizidi mara mbili, muda wa kupoza hauzidi mara mbili. Unazidi kama mara nne.

Niliposoma hapo nikaweka kitabu chini. Ugomvi wetu ulikuwa na unene wa miaka minne, nasi tukaupoza kwa dakika 105.

Lakini kosa la pili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hilo haliponywi na subira. Kioo cha dirisha cha sentimita 30, kinapotoka nyuzi 500 hadi joto la chumbani, kinasinyaa kama milimita moja na robo. Chupa imetengenezwa kwa mchanganyiko wake mwingine wa mchanga, magadi na chokaa, na inaweza kusinyaa zaidi au pungufu ya hapo. Tofauti ya unene wa unywele mmoja tu inatosha kupasua. Vioo hivyo ukivipoza hata wiki nzima, bado kila kimoja kitavuta kwake, kwa sababu kila kimoja kina kipimo chake.

Mvutano huo unaweza kuuona kwa macho, na jambo hili lilinitisha. Nenda kwenye duka la steshenari, waombe wafungue ukurasa mweupe kwenye kompyuta. Vaa miwani ya jua ile ya polaraidi, izungushe mpaka kioo cha kompyuta kiwe giza. Sasa weka kazi yako katikati. Kioo kilichotulia kitabaki giza. Kioo chenye mvutano kitawaka. Nilipeleka kipande cha zawadi ya Mama, na kila chenga ya chupa ilikuwa imezungukwa na duara la mwanga. Yule kijana wa steshenari akasema, "Dada, mbona kinapendeza?" Nikamwambia huo ndio ugonjwa wenyewe.

Nilimsimulia mshikaji wangu wa Majengo. Yeye hapendi mahubiri, akanibana papo hapo. "Sasa mbona vioo vya kando vya malori vinapozwa kwa upepo wa ghafla kiwandani makusudi, na ndivyo vigumu kuliko vyote?" Ni kweli, na nataka tulikabili swali lake. Kuna kioo ambacho nguvu yake ni huo huo mvutano: nje kunabana, ndani kunavuta, na hapo hapo ndipo kinapopata uwezo wa kuhimili mawe ya barabarani. Lakini kioo hicho hukikati, hukitoboi, hukibadilishi umbo. Ukijaribu, kinamwagika chote kwa pamoja kama punje za chumvi. Zipo koo za namna hiyo, nazijua. Kwa adui wa nje ni ngome. Ila siku mtoto mmoja akithubutu kuuliza "shamba la babu liko wapi?", ukoo mzima unakuwa chenga sakafuni. Mimi siutaki ugumu huo. Nataka familia inayoweza kutobolewa tundu la swali ikabaki nzima.

Upande wa pili tunao mfano hapa hapa mkoani. Ndolezi, kule Mbozi, kuna kimondo ambacho watu wanakuja kukitazama kutoka nchi nyingi, chuma kilichotoka angani, kirefu kama mita tatu, na uzito wake unakadiriwa kufika tani 16. Wataalamu wakisafisha na kung'arisha kipande cha vimondo vya aina hiyo, kisha wakakipaka asidi, hutokea michoro ya mistari inayokatizana, kama ukili uliosukwa vizuri. Michoro hiyo hakuna mhunzi anayeweza kuitengeneza, kwa sababu inatokea tu pale chuma chenye nikeli kinapopoa kwa muda ambao akili haiushiki, joto likishuka nyuzi chache, au mamia, katika miaka milioni. Tulipelekwa pale na shule, tukakalia chuma kile tukala mihogo ya kuchemsha, hakuna aliyetuambia kwamba tumekalia kitu ambacho uzuri wake wa ndani ni wa kupoa tu.

Na haya si ya familia peke yake. Zanzibar, vyama vya CCM na CUF vilitia sahihi Muafaka wa kwanza mwaka 1999. Januari 2001 damu ikamwagika. Muafaka wa pili ukasainiwa Oktoba mwaka huo huo. Serikali ya umoja wa kitaifa ilikuja mwaka 2010, baada ya wananchi wenyewe kupiga kura ya maoni. Siandiki kuhukumu chama chochote. Ninachosema ni kwamba sahihi ni ile dakika ya nyuzi 820: ni ya kweli, inang'aa, na watu hupigwa picha. Kazi inaanzia pale wapiga picha wanapoondoka.

Hapo ningeweza kumalizia kwa kuwalaumu wazee, mngenipigia makofi, vijana tunapenda kuwalaumu wazee. Lakini tanuri halikuniruhusu.

Maana kati ya nyuzi 700 na 800 hivi kuna eneo baya. Kioo kikikawia humo wakati wa kushuka, uso wake huota vifuwele vidogo na kufunikwa na kitu cheupe, kama utando wa maziwa juu ya chai. Huwezi tena kuona ndani. Kwa hiyo fundi anayejua kazi, akishaunganisha, hushusha joto upesi mpaka chini ya hapo, ndipo anaanza upole. Kwa maneno mengine, kuna joto la kupita haraka na kuna joto la kukaa. Anayesema "tuache tu mpaka hasira ziishe zenyewe" naye anaharibu, sawasawa na anayesema yaishe. Mimi na kaka tulikaa miaka minne kwenye joto lile baya, tukaota utando, mpaka nilipokuwa nikimtazama sikumwona tena kaka aliyenibeba mgongoni kuvuka mto kwenda shule. Nilimwona mwizi wa ekari mbili tu. Baba mkubwa alipotuita na kutunyamazisha, alitutoa huko. Alifanya nusu ya kazi, na aliifanya vizuri. Kosa lake ni kuiita nusu hiyo mwisho.

Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la swali langu. "Yaishe" ni neno zuri likiwa na maana ya "kelele ziishe, matusi yaishe, tuanze kusemezana". Linakuwa dhuluma likiwa na maana ya "haki yako iishe". Na ukitaka kujua limesemwa kwa maana ipi, angalia nani analipa gharama yake. Mara nyingi sana anayeombwa aachie ni mdogo, au maskini, au wa kike. Kukaa kimya kwake ndiko kunakoitwa amani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sawa. Lakini methali ile haikusema ni nani amelilima shamba wala limeuzwa kwa nani.

Na ipo haki nyingine ambayo nimejifunza kuikubali, nayo ni ya kutounganishwa. Kuna vioo visivyolingana, na fundi mwenye heshima havilazimishi. Anaweza kuvipanga kwenye dirisha moja, kila kimoja na fremu yake, risasi au saruji katikati, na mwanga ukapita kwa vyote. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi asiambiwe akale naye sahani moja ili sisi tupate usingizi. Anaweza kumsamehe akiwa nyumba nyingine, au asimsamehe. Kusamehe na kurudiana ni mambo mawili, nasi tumeyafanya moja kwa sababu picha ya sahani moja inatupendeza.

Sasa mjue kwamba nilimweleza Mama haya yote. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na vipande vyangu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa amekaa na kikopo chake cha dawa. Kisha akaniuliza:

"Hicho kioo chako kinapoa kwa saa ngapi, mwanangu?"

"Kama ishirini, Mama."

"Na ninyi?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtu mwenye sukari na presha, aliyezika mume, anataka kuwaona watoto wake wawili wamekaa meza moja kabla hajafumba macho. Nimwambie nini? Kwamba mvutano haujalegea? Subira yangu inalipiwa na siku zake. Kila mara ninapoandika kwamba haki isiharakishwe namkumbuka yeye, na kalamu inakuwa nzito. Nadhani wazee wengi wanaosema "yaishe" hawasukumwi na ubaya. Wanahesabu siku.

Kwa hiyo sikungoja mpaka nipoe. Niliamua tu kuanza na kitu kimoja kinachonihusu mimi. Nilikwenda kwa kaka, Mpemba, siku ya kazi, bila mzee yeyote.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Hakunikaribisha kiti.

"Nimekuja kwa jambo moja. Lile neno nililolisema mbele ya wanao niliongopa. Nilitaka uumie. Naomba niwaambie na wao."

Alinyamaza sana. Halafu akauliza, "Na shamba?"

"Shamba bado. Sikuja kwa shamba leo."

"Sasa umekuja kusuluhisha au kuanzisha?"

Tulicheka kidogo, wote wawili, kicheko cha shida. Akawaita watoto. Kusema "shangazi alidanganya" mbele ya mtoto wa miaka tisa si mchezo, nawaambieni. Yule mdogo akaniuliza kwa nini nilidanganya. Nikamjibu kwamba nilikuwa na hasira, akasema yeye akiwa na hasira hutupa viatu.

Tangu hapo ni karibu mwaka. Miezi mitatu baadaye kaka alikuja mwenyewe na karatasi za mauziano, mara yangu ya kwanza kuziona. Bei aliyouzia ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani, na aliona aibu zaidi kwa hilo kuliko kwa kuuza kwenyewe. Ekari moja iliyobaki bado hatujaafikiana. Yeye anasema tugawane nusu kwa nusu, mimi nasema nusu ile ya kwake alishaiuza. Tunabishana kwa kupokezana, jambo hili la leo, hili la mwezi ujao. Kuna siku tunapandishana joto kidogo, tunaacha, tunazungumza mpira.

Kioo kingine nimekitengeneza. Safari hii vipande vyote vimetoka kwenye kioo kimoja cha dirisha, na chupa sikutia hata punje. Mistari niliichora kwa waya mwembamba wa shaba niliofungua kwenye mota mbovu, na ndani ya moto shaba imetoa rangi nyekundu iliyokolea, na mahali mahali kijani cha bahari. Nilikaa na tanuri usiku kucha. Kulipopambazuka nilikuwa bado nyuzi 300, sikufungua. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi, nikasubiri.

Nilikipeleka kwa yule kijana wa steshenari kabla ya kukipeleka kwa Mama. Kilikuwa giza kote, isipokuwa kona moja ya chini ambako kuna mwanga mdogo, kama wa kiberiti kilicho mbali. Huenda kona ile ilikuwa karibu mno na mlango. Sijui kitadumu mwaka au miaka thelathini. Nilimwambia Mama yote, nikamwonyesha kona yenyewe. Hakukirudisha juu ya kabati. Amekiweka mezani, na kaka akija kula huwa anakisogeza kidogo kwa uangalifu ili apate pa kuweka sahani.

Ndugu wasomaji, hasa ninyi mnaoandika kama mimi, nawaachia swali. Nyumbani kwenu neno "yaishe" lilisemwa lini mara ya mwisho, na ni nani aliyelilipia?